Mchekeshaji Akiumiza Watu, Awajibike

Kimbo ni mtaa wa wapangaji. Ukishuka kwenye stegi kando ya barabara kuu ya Thika, kati ya Ruiru mjini na Juja, unaingia kwenye ploti baada ya ploti. Fundi umeme Mjaluo amepakana na muuza nguo Mkikuyu, mwalimu Mkisii anatumia mfereji mmoja na mama Mkamba wa kiwandani, na kamba ya kuanikia nguo ni ya wote. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru, ikaufanya wa nne kwa ukubwa nchini Kenya. Wengi wao walikuja kutafuta kazi na kodi nafuu, wala hawakuchagua jirani kwa kabila.

Watu wanaoishi hivyo hutaniana, na mara nyingi hutaniana vizuri. Ndiyo maana nadhani swali la wachekeshaji wetu na mizaha yao ya kikabila na ya rangi linafaa kupimwa kutoka mtaa kama huu. Mchekeshaji akimaliza kazi yake ukumbini, hupanda gari akaenda. Aliyechekwa hurudi kwenye ploti, na kesho yake aliyemcheka anamsubiri mferejini.

Wachekeshaji wenyewe wana jibu lililozoeleka: ni mzaha tu, sikukusudia ubaya. Naamini wengi husema kweli. Lakini dereva wa matatu akimgonga mtu pale stegi, haturidhiki na neno kwamba hakukusudia. Tunamtaka asimame, amwone aliyeanguka, amfikishe hospitalini. Kutokusudia kunampunguzia lawama, ila hakumwondolei wajibu.

Watetezi wa mizaha hii hutukumbusha pia kwamba Waafrika Mashariki wametaniana kwa makabila tangu zamani, na hiyo ni hoja nzito. Tanzania, Wasukuma na Wazaramo, au Wangoni na watani wao, huambiana maneno ambayo mgeni angedhani ni matusi, hata msibani. Hata hivyo, utani ule una masharti. Nikikutania, nawe una haki ya kunitania papo hapo. Na mtani anayekucheka matangani ndiye huyo huyo anayebeba maji, anayepika, anayekuzikia maiti wako. Anayesimama jukwaani na kipaza sauti hajafungwa na sharti hata moja kati ya hayo. Anasema peke yake, analipwa, na anayetajwa hana pa kujibia. Kuuita huo utani ni kuchukua ruhusa ya wazee na kuacha deni lao.

Hata hivyo sikubaliani na wanaotaka kabila lisiguswe kabisa. Mzee Ojwang wa kipindi cha runinga cha Vitimbi aliwachekesha Wakenya kwa miaka mingi kwa lafudhi ya Kijaluo, naye jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Mkewe wa kwenye kipindi, Mama Kayai, aliigizwa na Mary Khavere, Mluhya. Ojwang alipofariki Julai 2015, alililiwa nchi nzima, Wajaluo wakiwemo. Kwa nini hakuchukiwa? Kwa sababu lafudhi ilikuwa ya mtu kamili, mwenye mke, ukaidi, tamaa na aibu zake. Tulimcheka Ojwang kwa aliyoyatenda, na tuliyaona hayo hayo kwa baba zetu. Wachekeshaji wa kundi la Redykyulass nao, mwishoni mwa miaka ya tisini, waliigiza sauti na mwendo wa Rais Moi wakati ambapo kumkejeli mkubwa kulihitaji moyo. Kicheko hicho kilimfikia mwenye nguvu, aliyekuwa na kila njia ya kujitetea.

Mzaha ninaoulalamikia ni ule usio na mtu ndani yake. Una kabila, na una kasoro moja iliyobandikwa kabila zima: hawa wezi, hawa wachawi, hawa hawajatahiriwa, hawa magaidi, hawa Wahindi bahili. Hapo msikilizaji anathibitishiwa tu jambo alilokuja nalo ukumbini.

Chukua uchawi na Wakisii. Mei 2008, huko Kisii, watu 11, wengi wao wazee, waliteketezwa kwa madai ya uchawi. Oktoba 2021, wanawake wanne waliuawa Marani, huko huko Kisii, kwa madai hayo hayo. Waliowaua walikuwa majirani wao, hilo najua, na hakuna mchekeshaji aliyewatuma. Lakini kila mara jukwaa linapofanya uchawi wa Kisii kuwa jambo la kuchekesha, tuhuma iliyowaua wale wazee inapata wepesi isioustahili. Na huenda mjukuu wa mmoja wao ameketi safu ya tatu, amelipa kiingilio kama wengine.

Au chukua Wasomali. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch ya kuwasaka magaidi, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali, na uwanja wa Kasarani, kando ya barabara hii hii inayotuleta Kimbo, ukageuzwa mahali pa kuwazuilia na kuwakagua. Walikuwemo raia wa Kenya. Mtu aliyelala Kasarani kwa sababu ya sura yake, akiingia kwenye gari na kusikia abiria wakichekea mzaha wa bomu na begi lake, hasikii mzaha. Anasikia amri ya kushuka.

Kwa nchi yetu, haya si ya kubuni. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Hapa Kiambu, familia zilizofukuzwa makwao kwa sababu ya kabila zilijisitiri kwenye kituo cha polisi cha Tigoni, Limuru. Na Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, redio ya RTLM iliyoyachochea haikuwashika wasikilizaji kwa hotuba pekee. Iliwashika kwa muziki, porojo na mizaha, na mtangazaji wake Kantano Habimana alipendwa kwa ucheshi wake. Sisemi kwamba wachekeshaji wa Kenya ni RTLM, la hasha. Nasema kwamba anayedai kicheko hakina nguvu ya kudhuru anapingana na historia ya jirani yetu. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha.

Je, sheria itatusaidia? Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaadhibu matamshi ya chuki kwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Nayo haiangalii nia peke yake: inatazama pia kama, kwa hali ilivyokuwa, maneno yangeweza kuchochea chuki ya kikabila. Msimamo huo naukubali. Lakini polisi si mahakimu wema wa ucheshi. Aprili 2022 tume iliyoundwa na sheria hiyo ilitoa orodha ya maneno ya kuepukwa. Humo mlikuwa na "madoadoa" na "kihii", ambayo yana damu na dharau ndani yake, lakini pia "Hatupangwingwi", neno lililotokana na wimbo wa vijana, "Sipangwingwi". Chombo kinachoyaweka hayo kapu moja nakiogopa nikikikabidhi pingu. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda ubunifu wa kisanaa, na kinaondoa ulinzi huo kwa uchochezi wa kikabila. Mizaha mingi inayoumiza imo katikati, ambako mahakama haina kazi. Huko ndiko uungwana unakodaiwa.

Uungwana huo una namna yake. Mchekeshaji wa Afrika Kusini Trevor Noah, mwaka 2018, aliandamwa kwa mzaha wake wa miaka mitano nyuma uliodhalilisha sura za wanawake wa asili wa Australia. Alijibu kwamba hatarudia mzaha kama ule, na kulikuwa na waliosema hilo halitoshi. Nami naona halitoshi. Anayeomba radhi ataje alichosema na awataje aliowaumiza, bila lile neno la kukwepa, "kama kuna aliyekwazika". Aiondoe video inayoendelea kumwingizia pesa. Aombe radhi palepale alipochekeshea, mbele ya waliocheka, kwa lugha ile ile.

Asiachwe peke yake pia. Kipindi cha ucheshi kama Churchill Show kilirekodiwa ukumbini, kikahaririwa, ndipo kikarushwa. Mhariri anayeuacha mzaha wa namna hiyo upite amekuwa na muda wa kufikiri ambao mchekeshaji jukwaani hakuwa nao, na lawama yake ni kubwa zaidi. Sisi tuliopiga makofi tuna fungu letu.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na kampeni huwatafuta ma-MC na wachekeshaji mapema. Ninyi mnaoshika kipaza sauti Ruiru, Juja na Thika, kwenye harusi, kwenye baa na kwenye mikutano ya wanasiasa, anzeni sasa kukataa pesa ya kumcheka jirani kwa kabila lake. Na mkimkosea, rudini Kimbo mkamwambie.