Tusiulize Kama Alimpenda. Tuulize Nani Alimtuma

Hapa Awendo mvua imepiga tangu saa tisa, stima imepotea mara mbili, na mimi nimemaliza tena msimu wa tatu wa Fringe. Najua ni kitu cha zamani. Ilionyeshwa Marekani kuanzia 2008 hadi 2013, vipindi 100, na sisi huku wengi tuliijua baadaye, kwa flashi kutoka duka la muvi. Lakini kuna ubishi mmoja hauzeeki: yule mwanamke bandia, alimpenda Peter kweli ama alikuwa kazini tu?

Kwa ambao hawajaiona, nieleze kidogo. Kuna dunia mbili, na watu wengi wana mfano wao upande wa pili. Olivia Dunham, mpelelezi wa FBI, anavuka kwenda kumrudisha Peter, mwanamume anayempenda. Wakati wa kurudi, mfano wake anachukua nafasi yake. Mashabiki wamezoea kumwita Fauxlivia. Anabadilisha rangi ya nywele, anaingia kwa nyumba ya Olivia, anavaa nguo zake, anaanza mapenzi na Peter. Ripoti anazituma kwao kwa taipureta moja ya ajabu. Olivia wa kweli amefungiwa kule, amedungwa kumbukumbu za mwenzake mpaka hajijui tena.

Hayo mapenzi si rahisi. Peter akitaja jambo la zamani, lazima Fauxlivia aitikie kana kwamba alikuwepo. Akicheka, acheke kama Olivia. Mwishowe anaumbuliwa na sentensi moja ya Kigiriki ambayo Olivia wa kweli angeitambua. Anarudi kwao na mimba ya Peter, na uchumba wake wa kule unavunjika.

Basi marafiki zangu wamegawanyika. Wengine wanasema alipenda, tazama macho yake. Wengine wanasema ni nyoka. Mimi nasema tunabishania swali dogo. Sema alimpenda. Halafu? Olivia anaporudi, anakuta mtu amelala kitandani mwake, amevaa nguo zake, amepewa mapenzi yaliyokuwa yake. Upendo wa Fauxlivia haumrudishii hata siku moja. Mapenzi yakizaliwa ndani ya uongo, hayaufanyi uongo kuwa msafi.

Na hapo kuna mtu tunamwacha apite bila kumuuliza kitu: aliyetuma. Fauxlivia hakuamka asubuhi akajituma. Alitumwa na Waziri wa Ulinzi wa upande ule, Walter wa pili, ambaye ndiye baba mzazi wa Peter. Peter aliibwa kule akiwa mtoto mwaka 1985. Uchungu wa huyo baba naufahamu. Lakini fikiria: mzazi anamtuma mwanamke ajifanye mpenzi wa mwanawe, kisha anakaa ofisini akingoja ripoti. Na sisi mashabiki, miaka yote hii, tunapima machozi ya mwanamke.

Nilipomaliza msimu nilimkumbuka dani. Sisi Waluo hii stori tulikuwa nayo kabla ya runinga. Lwanda Magere wa Kano, shujaa aliyekuwa na mwili wa jiwe. Mikuki ya Lang'o, yaani majirani zetu Wanandi, ilikuwa inamgonga na kuanguka. Vita vikawashinda, wakampa binti mrembo aoe, eti ni amani. Siku moja akaugua, akamwambia yule mke mgeni asichanje mwili, achanje kivuli. Kivuli kikatoa damu. Usiku huohuo binti akatoroka kwenda kuwaambia watu wake. Vita iliyofuata, mkuki ukapigwa kwenye kivuli, Lwanda akaanguka, na jiwe lake wanaonyesha hadi leo huko Kano.

Dani akimaliza, sote tulikuwa tunamlaani yule mke. Lakini mnajua jina lake? Katika sigana niliyosimuliwa mimi, hana jina. Alipelekwa kulala na adui wa watu wake, apike, ahudumie, apeleleze. Wazee waliokaa kikao wakamchagua yeye, hakuna anayewalaani. Huenda usiku ule alilia njiani akirudi. Huenda hakulia. Vyovyote vile, Lwanda alikufa, na wazee wakashangilia.

Msiseme ni mambo ya sigana na runinga tu. Uingereza, maafisa wa polisi waliingia kwenye vikundi vya wanaharakati kwa majina bandia, wakaishi na wanawake wa huko kama wapenzi, wengine kwa miaka. Novemba 2015 polisi wa London waliomba radhi hadharani kwa wanawake saba. Mwaka mmoja kabla, mwanamke mwingine alikuwa amelipwa pauni 425,000. Huyo alizaa mtoto na mpelelezi miaka ya 80, na ukweli akaujua miaka zaidi ya 20 baadaye. Mkiuliza kama yule afisa alimpenda, mimi nitawauliza nani alikuwa anamlipa mshahara.

Sasa niseme yangu, kwa sababu sitaki kuonekana mtakatifu.

Kuna wakati nilikuwa nafanya ile mitihani ya uaminifu. Dada mmoja aliniandikia, akanitumia 1,500 kwa simu, nimjaribu mchumba wake. Nikafungua akaunti na picha ya kuokota, nikajiita dem wa Rongo. Jamaa alikuwa dereva wa trekta la miwa. Wiki ya kwanza hakujibu. Ya pili akajibu salamu. Ya tatu akawa ananiambia habari za kliniki ya mamake, na kila jioni ananiuliza, "Umekula?" Nilianza kungoja hiyo "umekula". Naapa nilikuwa naingoja. Na bado nilikuwa napiga skrinishoti kila neno na kuzituma.

Siku moja akapanda matatu hadi Rongo na mfuko wa njugu, akasimama steji akinitafuta. Alinitumia picha ya huo mfuko. Nikambloki. Usiku nikaweka skrinishoti mtandaoni, jina nikalificha, watu wakacheka, na nikapata watazamaji kuliko siku yoyote. Uchumba ukavunjika.

Watu waliniambia, "Si alianguka mtihani?" Alianguka, sikatai. Lakini mtihani niliutunga mimi, nikaendelea kuulegeza hadi aanguke. Nikianza kuwaambia kwamba nilimjali, mtanihurumia mimi, na yeye atabaki amesimama steji na njugu zake. Kwa hivyo sitawaambia. Nilitumwa, nikakubali, nikalipwa. Aliyenituma ana lake la kujibu. Na ninyi mliokuwa mkiniandikia "leta sehemu ya pili" mlikuwa mnanituma pia.

Ile video niliifuta. Mitihani hiyo sifanyi tena, hata mkinitumia elfu kumi. Mkimshuku mtu wenu, muulizeni ninyi wenyewe, uso kwa uso, hata kama sauti inatetemeka. Ni ngumu kuliko kumtuma mtu. Najua.

Na mkirudia Fringe wikendi hii, msimu wa tatu, msiangalie macho ya Fauxlivia peke yake. Muangalieni Olivia akirudi nyumbani na kuzikuta nguo zake zimevaliwa na mtu mwingine. Kisha muulize yule mzee ofisini yuko wapi.