Skripti yako ikifika Mwanda itaelewana na wenyeji?

Leo nataka kukiri kosa, halafu nitoe maoni ambayo najua baadhi yenu hamtayapenda.

Kikundi kimoja cha wakulima wa mboga huko Mwanda, juu kabisa kwenye Milima ya Taita, kiliniomba niwasaidie kutunza hesabu za mizani. Kila mkulima analeta kabichi zake, zinapimwa, karani anaandika kwenye kompyuta. Jioni, skripti ndogo inanakili faili la siku hiyo kwenye flashi diski na kulifuta la zamani ili kesho waanze upya. Kazi ya mistari kumi tu. Nikaiandika nikiwa Voi, kwenye laptop yangu ya Mac, nikaijaribu mara tatu kwa kuandika `bash nakala.sh`. Ikaenda vizuri. Nikapanda matatu hadi Wundanyi, nikaendelea mpaka Mwanda kwenye ukungu wake, nikaiweka kwenye kompyuta yao ya mtumba yenye Debian. Nikanywa chai, nikateremka.

Wiki mbili baadaye karani alichomoa flashi mchana akachape orodha, akasahau kuirudisha. Usiku skripti ikafanya kazi yake. Asubuhi faili halikuwepo kwenye flashi wala kwenye kompyuta. Mama mmoja akaniuliza kwa simu, taratibu kabisa: "Mwanangu, kabichi zangu zimekwenda wapi?" Sikuwa na jibu.

Mstari wenye hatia ni huu:

`if cp mizani.txt /media/flashi/ &> /dev/null; then rm mizani.txt; fi`

Ukiusoma kwa bash, maana yake ni: nakili kimyakimya, ukifanikiwa ndipo ufute. Flashi isipokuwepo, `cp` inashindwa na faili linabaki salama. Lakini mwanzoni mwa skripti nilikuwa nimeandika `#!/bin/sh`, na kwenye Debian `sh` si bash, ni dash. Dash haijui `&>`. Inaona alama mbili tofauti: `&`, yaani peleka `cp` ikafanye kazi nyuma ya pazia, halafu `> /dev/null`, amri tupu ambayo hufanikiwa daima. Kwa hiyo `if` ikapata "ndiyo" bila kujali `cp` imefanikiwa au la, na `rm` ikafuta. Hata siku ambazo flashi ilikuwepo, `cp` na `rm` zilikuwa zikishindana mbio. Tulikuwa tunaokolewa na bahati.

Skripti haikugoma hata mara moja. Ingegoma ningejua siku ile ile nikiwa bado nina kikombe mkononi. Ilikubali kila kitu, ikafanya kingine.

Sasa maoni yangu. Wapo wanaosema: "Siku hizi kila mahali ni Linux na bash, mambo ya POSIX ni ya wazee." Si kweli, na kwetu si kweli zaidi. Ubuntu iliifanya dash kuwa `/bin/sh` tangu toleo la 6.10 mwaka 2006, ili kompyuta iwake haraka. Debian ikafuata mwaka 2011 na toleo la 6.0. Mac inakuja na bash 3.2, ya mwaka 2006, na tangu 2019 sheli yake ya kawaida ni zsh. Ruta yenye OpenWrt inatumia ash ya BusyBox. FreeBSD haiji na bash kabisa. Ukiiweka inakaa `/usr/local/bin`. Na kijana mwenye Termux kwenye simu yake hana hata `/bin/bash` pale unapoitarajia. Sisi hatununui mashine mia za aina moja. Tunapokea mitumba, tunaazima, tunaunganisha. Mchanganyiko ndio hali yetu ya kawaida.

Kipimo cha pamoja kipo. Kiwango cha POSIX kilieleza lugha ya sheli tangu mwaka 1992, na sheli zote nilizotaja, ukiacha zsh yenye mazoea yake, huifuata kwa sehemu kubwa. Mimi sasa nafuata haya:

1. Andika `> /dev/null 2>&1`, si `&>`.
2. Kulinganisha maneno tumia `=` moja ndani ya `[ ]`. Achana na `==` na `[[ ]]`.
3. Tumia `printf`. `echo -e` kwenye dash itakuchapia hiyo `-e` yenyewe.
4. Usitegemee `sed -i`. Kwenye Mac na kwenye Linux inataka mambo tofauti. Andika kwenye faili jipya, kisha `mv`.
5. Hesabu za tarehe ni mtego: GNU inataka `date -d`, Mac na FreeBSD zinataka `date -v`.
6. Jaribu kwa sheli ile ile itakayotumika. Weka dash kwenye mashine yako, na pitisha skripti kwenye ShellCheck. Ingeuona mstari wangu kwa sekunde moja.

Je, bash ni haramu? Hapana. Ukihitaji safu zake au vikorombwezo vyake vingine, vitumie, lakini sema ukweli juu kabisa: `#!/usr/bin/env bash`. Mashine isiyo nayo itakataa waziwazi, na kukataa waziwazi ni heri. Na skripti ikipita mistari mia, pengine wakati wa Python umefika. Ninachokipinga ni kuandika `sh` huku moyoni unamaanisha bash.

Hesabu za siku ile tulizijenga upya kutoka vikaratasi vya mizani ambavyo karani, kwa hekima yake, hakuvitupa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Skripti mpya hainakili na kufuta tu: inalinganisha nakala na asili kwa `cmp` kwanza, na zikitofautiana haifuti kitu. Nimeijaribu kwa dash, flashi ikiwa ndani na ikiwa nje.

Vikaratasi navyo nimewaomba waendelee kuvitunza.