Sanamu ya Lusinga Ilipita Mikononi mwa Nani?

Ukifika Ujiji na kuingia katika makumbusho yaliyojengwa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, utawakuta wazee hao wawili wamesimama, wamefanywa sanamu, wakiamkiana. Wageni hupenda sana kupiga picha hapo. Safu yetu leo haiwahusu wao. Inahusu sanamu nyingine, ndogo, ya mti, iliyotoka ng'ambo ya ziwa hilihili, ambayo haipo Ujiji wala Kalemie. Ipo Tervuren, kando ya jiji la Brussels, nchini Ubelgiji.

Sanamu hiyo ni kazi ya Watabwa. Inamwonyesha mwanamume aliyesimama wima, nywele zake zimesukwa na kuangukia mgongoni, mwili umepambwa kwa chale. Sanamu za namna hiyo huitwa mikisi, na wala hazikuwa mapambo ya nyumba. Chifu alikuwa nazo ili kuwaheshimu wahenga wa ukoo wake, na aliyekuwa nazo alionyesha kwamba haki yake ya kutawala imetoka kwao. Basi kumpokonya chifu sanamu hiyo kulikuwa ni kumpokonya kiti chake pamoja na hati ya shamba lake, kwa mkupuo mmoja.

Mwenyewe aliitwa Lusinga lwa Ng'ombe, naye alikuwa na boma lake milimani, si mbali na Mpala. Tusimpake asali. Lusinga alikuwa mtu wa kuogopwa, aliyekamata watu na kuwauza. Bunduki zake zilitokana na biashara ya watumwa na pembe za ndovu, biashara ambayo hata Ujiji yetu ilikuwa soko lake. Majirani wengi hawakumlilia alipokufa. Lakini uovu wa mwenye nyumba haumpi mpita njia haki ya kuhamisha vyombo.

Mpita njia huyo alikuwa Émile Storms, ofisa wa jeshi la Ubelgiji, aliyeletwa na Chama cha Kimataifa cha Afrika ambacho Mfalme Leopold II alikianzisha mwaka 1876. Chama hicho kilikuwa na kituo upande wetu wa ziwa, huko Karema, tangu mwaka 1879. Storms alikiongoza kituo hicho, kisha mwezi Mei 1883 akavuka ziwa na kuanzisha kingine Mpala. Wakubwa wawili hawakuweza kukaa katika pwani moja. Tarehe 4 Desemba 1884 watu wa Storms waliuvamia mji wa Lusinga, wakamwua, wakamkata kichwa na kumpelekea bwana wao. Sanamu nayo ilitwaliwa katika ngawira. Mwaka uliofuata vituo vya Karema na Mpala vilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe, na Storms akarejea kwao. Sanamu na fuvu vilisafiri naye.

Siku hizi makumbusho ya Ulaya yana mabingwa ambao kazi yao ni kufuatilia kila kitu kilipita mikononi mwa nani. Hawakuanza na vitu vya Afrika. Huko Hispania, mathalani, zimo picha za ibada zilizochorwa katika karne ya 15 kwa ajili ya altare za makanisa na nyumba za watawa. Serikali ya nchi hiyo ilipotaifisha mali ya watawa miaka ya 1830, nyingi zilitawanyika. Zikauzwa na kuuzwa tena, hata nyingine zikaishia Marekani. Bingwa huandika jina la kila mmiliki, mmoja baada ya mwingine, na palipo na pengo huuliza.

Tuifanyie hivyo sanamu ya Lusinga. Makumbusho ya Tervuren iliipokea katika miaka ya 1930 kutoka kwa mjane wa Storms. Pete hiyo ya mnyororo ni safi: mama huyo alitoa kwa hiari yake. Mjane aliipata kwa mumewe, aliyefariki mwaka 1918 akiwa jenerali. Kabla ya hapo ilikaa sebuleni mwao. Ipo picha ya sebule hiyo, sanamu za Watabwa zimepangwa humo kama vyombo vya kauri. Na Storms aliipata wapi? Hapo mnyororo unafika boma la Lusinga, na hakuna risiti.

Fuvu lilikuwa na safari yake. Mwaka 1886 daktari Emile Houzé alilipima pamoja na mafuvu mengine mawili aliyoyaleta Storms, akawatangazia wataalamu wa Brussels vipimo vyake. Baadaye lilikwenda Tervuren, na mwaka 1964 likahamishiwa taasisi ya sayansi ya viumbe mjini Brussels. Kwa hiyo kichwa cha mtu kipo jumba moja na wahenga wake wapo jingine. Wabelgiji wengi walikuja kuyafahamu hayo mwaka 2018, mwandishi wa habari Michel Bouffioux alipoyachapisha. Mwaka 2022 sanamu ya Storms mwenyewe, ya kichwa na mabega, iliondolewa katika bustani moja ya Brussels.

Mwaka huohuo Bunge la Ubelgiji lilipitisha sheria ya kuruhusu vitu vilivyotwaliwa wakati wa ukoloni virudishwe Kongo, Rwanda na Burundi, kwa makubaliano ya serikali na serikali. Mabaki ya binadamu hayakuingizwa humo, kwa hiyo fuvu limebaki nje. Sanamu je? Kwa upande wa Kongo, sheria hiyo inaanza kuhesabu wakati wa ukoloni tangu Mkutano wa Berlin ulipomalizika, mwezi Februari 1885. Lusinga aliuawa Desemba 1884.