Pampu ya Dizeli Haifi kwa Siku Moja

Askari anapostaafu na kupokea kiinua mgongo, mara nyingi fedha hizo hugeuzwa pikapu. Gari la kubeba ndizi, mkaa, maziwa au matofali huonekana kuwa mali ya kutegemewa kuliko duka, kwani hutembea na kuleta fedha kila siku. Dizeli ndiyo inayopendelewa, kwa kuwa injini yake huvuta mzigo mlimani bila kulalamika na hutumia mafuta kidogo. Lakini ndani ya gari hilo mna kifaa kimoja, kisichozidi ukubwa wa birika la chai, ambacho kikiharibika chaweza kumeza karo ya watoto ya mwaka mzima. Kifaa hicho ni pampu ya mafuta.

Injini ya petroli huwasha mafuta yake kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haifanyi hivyo. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikapata joto kali, ndipo dizeli inapopulizwa humo mfano wa ukungu na kuwaka yenyewe. Kuipuliza dizeli dhidi ya hewa iliyobanwa kiasi hicho kwahitaji msukumo mkubwa sana, na hiyo ndiyo kazi ya pampu. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kutengeneza pampu za namna hii kwa wingi mwaka 1927, na tangu hapo siri yake imekuwa ni ileile, yaani vyuma vilivyochongwa kwa usahihi wa ajabu. Nafasi kati ya pistoni ya pampu na ala yake ni mikroni chache tu, na mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Basi chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho ni jiwe kubwa mbele ya pampu.

Jambo ambalo madereva wengi hawalifahamu ni kwamba pampu nyingi za pikapu hazilainishwi kwa oili ya injini. Malori makubwa ya zamani aghalabu yana pampu za mstari zinazopata oili hiyo, na huenda ndiyo maana huvumilia mateso mengi. Lakini Toyota Hilux za zamani zenye injini za 2L, 3L na 5L, na Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, hutumia pampu ya mviringo ambayo hulainishwa na kupozwa na dizeli ileile inayopita ndani yake. Vivyo hivyo pikapu za siku hizi ambazo pampu yake hujaza bomba la pamoja, mafundi huliita reli, kwa msukumo wa baa 1,600 au zaidi, yaani zaidi ya mara 1,000 ya msukumo wa hewa ya kawaida. Kwa hiyo dizeli katika gari ni chakula cha injini na pia ni oili ya pampu. Ikiwa imechanganywa, au ina maji, au imekwisha, chuma husugua chuma.

Adui wa kwanza ni maji. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hutua chini ya tangi na kukaa huko yakila chuma kwa kutu. Pale maji yanapokutana na dizeli huota vijidudu vinavyofanya utelezi mweusi wa kuziba chujio. Maji hayo hayaletwi na muuza mafuta peke yake. Katika sehemu za baridi kama Kabale na Kisoro, tangi lililoachwa nusu usiku lina hewa nyingi yenye unyevu, na unyevu huo hugeuka matone kwenye kuta za tangi kunapopoa. Dereva anayejaza tangi jioni badala ya asubuhi hupunguza madhara hayo bila kutumia hata shilingi moja ya ziada.

Pikapu nyingi za dizeli zina kikombe cha kutenganisha maji chini ya chujio, chenye kifungulio kidogo, na katika dashibodi mna taa ya kuonya kikombe kinapojaa. Taa hiyo ikiwaka si ya kupuuzwa mpaka mwisho wa mwezi. Injini huzimwa, chombo huwekwa chini, kifungulio hulegezwa, kisha pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya chujio hubonyezwa polepole hadi yatoke mafuta safi yasiyo na maji. Baada ya hapo kifungulio hukazwa, na pampu ya mkono hubonyezwa tena mpaka iwe ngumu. Kazi hii haichukui muda wa kuchemsha chai. Kijana wa nyumbani aliyefundishwa vizuri aweza kuifanya kila Jumamosi, na ni somo zuri kuliko kuoshea gari peke yake.

Adui wa pili ni binadamu mwenye tamaa. Bei ya mafuta ya taa inapokuwa chini ya bei ya dizeli, wachanganyaji hawakosekani. Nchini Kenya serikali ilitoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, kwa kusudi la kuufuta uchochoro huo, na Uganda nayo hutia alama ya siri katika mafuta ili wakaguzi wapate kuyatambua yaliyochanganywa. Hatari huzidi wakati wa shida. Januari 2022, malori ya mafuta yalipokwama Malaba na Busia kwa ajili ya ubishi juu ya upimaji wa Korona, vituo vingi vya Uganda vilikauka na watu wakanunua mafuta katika majerikeni kando ya barabara. Mafuta ya taa huwaka ndani ya injini ya dizeli, na hilo ndilo linalowadanganya wengi. Gari hutembea na dereva husema hakuna neno. Lakini mafuta ya taa ni mepesi na hayana utelezi wa dizeli, na pampu huendelea kulika kimya kimya hadi siku inapokataa.

Utelezi huo hupimwa. Katika maabara, kitufe cha chuma husuguliwa juu ya bamba la chuma ndani ya dizeli yenye joto la nyuzi 60 kwa dakika 75, kisha kovu lililobaki juu ya kitufe hupimwa. Ulaya hairuhusu kovu lizidi mikroni 460, na Marekani huruhusu hadi 520. Tangu Januari 2015, nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuuza dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, na hilo ni jema kwa mapafu ya watoto wanaoishi kando ya barabara. Ila kiwanda kinapoiondoa salfa huondoa pia sehemu ya utelezi wa asili, na dawa ya kurudisha utelezi hutiwa kabla ya mafuta kuuzwa. Basi dizeli ya kituo chenye sifa haina lawama. Anayeongeza mafuta ya taa ndiye anayeivunja hesabu yote.

Wako wazee wa gereji wanaoshauri kumimina oili chafu ya injini ndani ya tangi ili kuilainisha pampu. Oili hiyo ina masizi na unga wa chuma, na shauri hilo ni la kukataliwa kwa heshima.

Chujio ni mlinzi wa lango. Ikiwa kitabu cha gari kinataja kilomita 20,000, gari linaloshinda katika vumbi la Karamoja au njia za mashambani lafaa kubadilishiwa chujio kwenye 10,000. Chujio la bei ya kutupa linalofanana na la asili kwa rangi tu ni hasara, kwa kuwa karatasi yake huweza kupitisha yale ambayo lingepaswa kuyazuia. Tena, tangi lisiachwe likauke. Mafuta yakikwisha njiani pampu huvuta hewa, na hewa haina utelezi wowote.

Dalili huja mapema kwa mwenye kusikiliza. Gari hukawia kuwaka asubuhi, mngurumo hupanda na kushuka likiwa limesimama, nguvu hupungua mlimani, au injini huzimika ghafla na kuwaka tena baada ya kupumzika. Hapo ndipo familia nyingi hupoteza fedha bure. Fundi husema, "Afande, pampu imekufa," na Afande hutafuta mkopo. Yamkini pampu haijafa. Katika pikapu za reli iko vali ndogo inayopimia mafuta yaingiayo katika pampu, nayo hukwama kwa uchafu na kuleta dalili hizo hizo. Katika magari mengi vali hiyo hubadilishwa peke yake kwa sehemu ndogo ya gharama. Huenda pia ni chujio lililoziba, au mpira uliopasuka unaovuta hewa. Ni haki ya mwenye gari kumwomba fundi ayakague hayo kwanza, tena mbele ya macho yake.

Lakini chujio likifunguliwa na kuonekana vumbi linalometa kama fedha, mambo ni mengine. Huo ni unga wa pampu yenyewe. Katika gari la reli unga huo hufika kwenye nozeli na kurudi hadi ndani ya tangi, na kufunga pampu mpya bila kusafisha tangi, mabomba, reli na nozeli ni kuiua ile mpya vilevile. Gari hilo livutwe, lisiwashwe.

Vivyo hivyo petroli ikitiwa katika tangi la dizeli kwa makosa, ufunguo usizungushwe hata kidogo. Tangi likikaushwa kabla ya injini kuwaka, hasara ni ya petroli tu.

Yabaki mambo mawili ya usalama nyumbani. Mabomba ya reli yanapovuja, asiyapapase mtu kwa mkono injini ikiwa inanguruma, kwani uzi mwembamba wa dizeli hupenya ngozi na kidole chaweza kukatwa. Jeraha hilo huonekana dogo kama la sindano, lakini ni la kupelekwa hospitali saa ileile. Na dizeli isivutwe kwa mdomo na mpira kutoka tangini, kama wafanyavyo vijana wengi, maana ikiingia mapafuni huyaunguza. Majerikeni ya dizeli yawekwe mbali na jiko na mbali na watoto, yakiwa na alama, wala isihifadhiwe katika ndoo za mabati ya zinki, kwa sababu zinki huiharibu. Mtoto akinywa asitapishwe wala asipewe maziwa kwa nguvu. Achukuliwe hospitalini mara moja, na chombo alichonywea kichukuliwe pamoja naye ili daktari akione.