Kisu Hakipimwi kwa Karatasi

Anafungua boksi, anakata karatasi, anakata nyanya, anatoa nyota 5. Chini kaweka kiungo; ukinunua, anapata kamisheni. Huo si uhakiki, ni udalali. Kisu gani kipya kitashindwa na nyanya? Hata cha bei chee hutoka dukani na makali yake. Nionyeshe baada ya miezi 6 ya vitunguu, kuku na kinoo. Chuma kigumu cha Japani, VG-10, takriban 60 kwa kipimo cha Rockwell, hutunza makali lakini humeguka ukigonga mfupa. Cha Kijerumani, kama 56, hupinda tu, unanoa unaendelea. Hilo hawalisemi. Wao ni mawimbi ya “Damascus”, ambayo kwenye visu vingi vya bei rahisi ni mchoro wa leza tu! Na sisi, tunaomcheka mhakiki aliyesoma jalada peke yake, huyu tunamwamini kwa lipi?