MDOMO WA MGONJWA SI SINKI! (Sehemu ya 4)

Mama zangu, leo nitawaudhi kidogo. Mnisamehe mapema.

Kuna maneno yanazunguka kwenye magrupu: eti bakteria wa mdomoni ndio wanaozuia kemo isifanye kazi kwa mgonjwa wa kansa ya kinywa, kwa hiyo waueni wote. Hapo hapo unauziwa chupa.

Nilimpokea baba mmoja ambaye binti yake, kwa mapenzi kabisa, alikuwa anamsukutua kwa kitunguu saumu na dawa yenye spiriti, mara nne kwa siku. Ulimi umebabuka, hata uji haupiti. Kemo ikaahirishwa. Nani kafaidika? Kansa.

Sasa nisikilizeni. Uongo huu umepanda mgongoni mwa jambo la kweli. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba Fusobacterium, bakteria anayeishi vinywani mwetu, anaweza kuzisaidia seli za kansa ya utumbo mpana kuhimili dawa. Muuzaji kaishia hapo. Mbona hasemi ya 2024? Watafiti wa London walichunguza kansa za kichwa na shingo, kinywa kikiwemo, wakakuta wagonjwa wenye bakteria wa kundi hilo hilo kwenye uvimbe walielekea kuishi muda mrefu zaidi! Bakteria wale wale, kansa tofauti, majibu tofauti. Na kinywa kina aina zaidi ya 700. Hiyo chupa inajuaje ni yupi wa kuua?

Lisilo na ubishi ni hili: kemo hushusha chembe nyeupe za damu na huchubua kinywa. Hapo jino bovu au fizi yenye usaha inakuwa mlango wa wadudu kuingia kwenye damu. Ndiyo maana tunasema meno yaangaliwe KABLA ya kemo kuanza.

Nyumbani fanya hivi:

👉 Mswaki laini, asubuhi na usiku. Usiseme "ana vidonda, tumwache". Kinywa kichafu ndicho kinachochelewa kupona. Mswaki ukimshinda kabisa, muulize nesi wake.

👉 Chumvi nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Asukutue, ateme, mara kadhaa kwa siku.

👉 Meno ya bandia yatolewe usiku.

👉 Antibayotiki zilizobaki za mtoto, hapana! Dawa aliyoandikiwa na daktari wake, hiyo ndiyo ya kutumia.

👉 Homa ikifika 38, hospitali usiku huo huo. Usisubiri kuche.

Najua unamtafutia baba kila kitu kwa sababu unampenda. Lakini jamani, mapenzi yasiyouliza yanaunguza. Kabla hujanunua chupa, uliza wodini. Kuuliza ni bure.

Sehemu ya 5: ale nini mdomo ukiwa na vidonda. Mtumie ndugu anayeuguza. 🙏