Masasisho ya usalama yasisubiri ruhusa



Sasisho la usalama linapotolewa, wahalifu nao hulichambua ili wajue ni udhaifu gani umerekebishwa, kisha huwaandama waliochelewa. Microsoft ilitoa marekebisho ya Windows Machi 2017. Mei 12 kirusi cha WannaCry kikavamia kompyuta zisizosasishwa, na hospitali nyingi za Uingereza zikaahirisha hata upasuaji. Walioumia ni wagonjwa. Masasisho ya usalama lazima yajisakinishe yenyewe. Ni kweli kwamba sasisho bovu la kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows, Julai 19, 2024. Dawa yake ni kusambaza kwa awamu, kuanzia na kompyuta chache. Mabadiliko ya sura na vitufe, yanayomlia mtu bando bure, ndiyo yaombe ruhusa kwanza.